Seretse Khama: Chifu aliyenyimwa kiti, akaanzisha chama kilichotawala miaka 58

OKTOBA 1956 mwanamume mmoja wa miaka 35 alirejea kwao Bechuanaland, nchi ambayo leo inaitwa Botswana, baada ya kuishi uhamishoni Uingereza kwa miaka sita. Hakurudi kwa vifijo vya serikali. Alikuwa ametia saini kuukana uchifu aliozaliwa nao, yeye na watoto wake, ndipo wakubwa wa kikoloni wakamruhusu kukanyaga tena ardhi ya babu zake kama mtu wa kawaida asiye na cheo chochote.

Miaka kumi baadaye mtu huyo huyo alikuwa Rais. Chama alichokiasisi kilishinda chaguzi kuu 12 mfululizo, kuanzia ule wa 1965 hadi ule wa 2019, huku vyama vya upinzani vikiwa huru kusimamisha wagombea, kufanya mikutano ya hadhara na kuisema serikali. Kiliangushwa Oktoba 2024. Tunamzungumzia hayati Sir Seretse Khama.

Katika ukanda wetu tumezoea aina mbili za chama kikongwe: kile kilichopiga marufuku vyama vingine kwa sheria, na kile kinachoruhusu uchaguzi lakini hakiruhusu kushindwa. Chama cha Seretse hakikuwa cha aina ya kwanza, na mwaka 2024 kilidhihirisha kuwa si cha aina ya pili. Sasa kilikaaje madarakani muda wote huo? Jibu limo katika maisha ya mtu huyu, na wasomaji wetu wanaorejea makwao pamoja na wale wanaoishi kwa kuvuka mpaka watayatambua mengi humo.

Mjukuu wa Khama

Seretse alizaliwa Serowe, Julai 1, 1921, katika ukoo wa kichifu wa Wabangwato, kabila kubwa kuliko yote katika Bechuanaland ya wakati ule. Babu yake alikuwa Khama wa Tatu, yule aliyekwenda London mwaka 1895 pamoja na machifu wenzake wawili kuiomba serikali ya Malkia isiwakabidhi kwa kampuni ya Cecil Rhodes. Babu huyo na baba yake Seretse, Sekgoma wa Pili, walikuwa wamekosana kwa miaka mingi, na mtoto alipozaliwa baada ya wao kupatana akapewa jina lenye maana ya udongo unaoshikamanisha.

Khama alifariki 1923, Sekgoma akafuata 1925. Mtoto wa miaka minne akawa mrithi wa kiti, na baba yake mdogo, Tshekedi Khama, akashika uchifu kwa niaba yake na kumlea. Tshekedi alikuwa mtu mkali, mchapakazi na mwenye kesi nyingi na Waingereza. Alimsomesha kijana wake Afrika Kusini hadi akapata shahada Fort Hare mwaka 1944, kisha akampeleka Oxford, na baadaye London kusomea uanasheria. Mpango ulikuwa wazi: arudi, akalie kiti, na mzee apumzike.

Mpango huo ulivurugwa na ndoa.

Mwaka 1947 Seretse alikutana London na Ruth Williams, karani wa ofisi, binti wa Kiingereza. Septemba 1948 walitaka kufunga ndoa kanisani. Wakubwa wa Kanisa wakakwepa, nao wakafunga ndoa kwa msajili wa serikali. Baba wa Ruth alikasirika, Tshekedi alikasirika zaidi. Chifu hajiolei tu. Mke wa chifu ni jambo la kabila zima. Seretse akaitwa nyumbani kujieleza mbele ya baraza.

Baraza hilo kwa Kitswana huitwa kgotla, na asiyejua kgotla hawezi kuielewa siasa ya Botswana. Ni uwanja wa wazi penye mti au uzio wa magogo, ambapo chifu hukaa na wanaume wa kabila hukaa mbele yake, na kila mwenye la kusema husema hadi amalize. Mikutano miwili ya mwisho wa 1948 ilimwendea vibaya Seretse. Wa tatu, Juni 1949, ulihudhuriwa na maelfu. Wanaompinga waliambiwa wasimame, wakasimama wachache. Walipoambiwa wasimame wanaomtaka pamoja na mkewe, uwanja karibu wote ukainuka. Tshekedi alikubali kuwa ameshindwa, akawachukua wafuasi wake na kuhamia nchi ya Wakwena jirani.

Wabangwato walikuwa wameamua, lakini London na Pretoria hawakuridhika. Afrika Kusini, ambako chama cha makaburu kilikuwa kimeingia madarakani mwaka 1948 na kupiga marufuku ndoa za mchanganyiko mwaka uliofuata, haikutaka kuona chifu mweusi na mke mweupe ng'ambo ya mpaka wake. Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini. Tume ya jaji iliyoundwa ilikuta kwamba Seretse anafaa kabisa kuwa chifu, ila ndoa yake haikubaliki kwa majirani. Ripoti hiyo ilifichwa kwa miaka mingi. Mwaka 1950 Seretse aliitwa London kwa mazungumzo, na alipofika akaambiwa asirudi kwao kwa miaka mitano. Mwaka 1952 serikali ya Churchill ikasema marufuku hiyo haina mwisho. Walijaribu hata kumpa kazi Jamaika ili wamsahaulishe, akakataa.

Serowe walikataa pia. Kwa miaka yote hiyo Wabangwato waligoma kumchagua chifu mwingine. Mwaka 1952 zilizuka ghasia na polisi wakauawa. Waingereza wakawa na kabila lisilo na chifu wala utawala uliokwenda sawasawa.

Msomaji aliyewahi kukaa kambini au ugenini anajua kinachofuata. Muda hupita, waliokosana huchoka. Seretse na Tshekedi walipatana, na wote wawili wakaukana uchifu. Ndipo mlango ukafunguliwa. Lakini kurudi ni jambo moja na kuishi ni jingine. Seretse alijaribu ufugaji wa ng'ombe wa biashara, haukumwendea vizuri. Afya ikaanza kumsumbua, akagundulika kuwa na kisukari. Kwa miaka michache alionekana kama mtu ambaye historia imemwacha njiani.

Chama cha jeki

Mwaka 1960 kilizaliwa chama cha kwanza chenye nguvu, Bechuanaland People's Party, chini ya Kgalemang Motsete, Philip Matante na Motsamai Mpho. Hawa walitaka uhuru wa haraka na walikuwa na lugha kali waliyojifunza katika siasa za Afrika Kusini. Ngome yao ilikuwa Francistown na miji ya kando ya reli, ambako weusi walibaguliwa madukani na makazini. Walikuwa na hoja. Tatizo lao lilikuwa moja: hawakuelewana. Kufikia 1962 chama kilikuwa kimegawanyika, Mpho akaenda na chake, Matante akabaki na chake, na Motsete naye akadai kuwa chama halali ni chake.

Mwaka huo huo Seretse na wenzake walianzisha Bechuanaland Democratic Party, BDP. Mtu wa kazi alikuwa katibu mkuu, Quett Masire kutoka Kanye, mkulima hodari aliyewahi pia kuandika magazetini. Masire alizunguka vijijini, akafungua matawi, akahariri gazeti la chama. Alama ya chama ilikuwa jeki ya gari, na hadi leo watu wengi Botswana wanakiita chama hicho Domkrag, neno la makaburu kwa jeki.

Uchaguzi ulifanyika Machi 1965. BDP ilipata viti 28 kati ya 31 na takriban asilimia 80 ya kura.

Inafaa kutua hapa, maana ushindi huo ndio uliozaa mingine yote. Wakati ule zaidi ya tisa ya kumi ya watu waliishi vijijini, na kijijini chifu alikuwa bado ndiye serikali. Kwa Wabangwato, Seretse hakuwa mgombea. Alikuwa chifu wao waliyenyang'anywa, na sasa karatasi ya kura ilikuwa njia ya kumrudishia kiti. Kwa wasomi na walimu alikuwa mtu aliyesomea sheria London, aliyeukana uchifu kwa hiari na kusema utawala uwe wa kuchaguliwa. Kwa Wazungu wachache wenye mashamba alikuwa mtu asiye na kisasi, mwenye mke kama wao. Na maofisa wa kikoloni, wale wale waliomfukuza, sasa walimwona ndiye salama kuliko Matante. Mtu mmoja aliwashika wote hao. Walipomnyima uchifu wa kabila moja walimwacha huru kuwania nchi nzima.

Uhuru ulipatikana Septemba 30, 1966. Nchi ilikuwa kubwa kuliko Kenya kwa eneo, na watu wake hawakufika milioni moja. Makao makuu ya utawala wa kikoloni yalikuwa Mafeking, mji ulioko ndani ya Afrika Kusini, na ilibidi Gaborone ijengwe upya porini. Barabara ya lami katika nchi nzima ilikuwa kilomita chache za kuhesabika. Ukame wa miaka mfululizo ulikuwa umeua ng'ombe wengi na watu wengi walikula chakula cha msaada. Sehemu kubwa ya matumizi ya serikali ililipwa na London.

Forodha na almasi

Hapa ndugu zetu wa mpakani watege sikio.

Tangu 1910 Bechuanaland ilikuwa katika umoja wa forodha na Afrika Kusini. Mali iliingia kwa bandari za kusini, ushuru ukakusanywa huko, halafu kila mmoja akapewa fungu lake. Fungu la Bechuanaland halikufika hata theluthi moja ya asilimia moja. Kwa nchi ambayo karibu kila kitu dukani kilitoka ng'ambo ya mpaka, hiyo ilikuwa sawa na kulipia mzigo wako mara mbili. Mwaka 1969 serikali ya Seretse, Masire akiwa Waziri wa Fedha, pamoja na Lesotho na Swaziland, zilikaa mezani na makaburu zikapata mkataba mpya wenye hesabu tofauti kabisa. Mapato ya forodha yaliruka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Botswana ikaacha kutegemea ruzuku ya Uingereza katika matumizi ya kawaida. Hilo lilifanyika kabla almasi haijaleta fedha za maana.

Almasi nayo iligunduliwa Orapa mwaka 1967, na mgodi ukafunguliwa 1971. Orapa ilikuwa katika ardhi ya Wabangwato. Shaba na nikeli ya Selebi-Phikwe pia. Chifu wa kawaida angesema mali ni ya kwetu, na angekuwa na watu nyuma yake. Serikali ya Seretse ilikuwa imepitisha sheria mwaka huo huo wa 1967 iliyohamisha haki za madini kutoka makabila yote kwenda kwa dola, na waliokuwa na cha kupoteza zaidi walikuwa watu wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi mwingine uliokikinga chama hicho kuliko huu. Nchi jirani zimeona damu ikimwagika kwa sababu mkoa wenye madini na mkoa wenye ikulu si mmoja. Botswana haikupita huko.

Mwaka 1975 serikali ilijadiliana upya na De Beers na kupata nusu ya hisa za kampuni ya almasi. Fedha zikaenda kwenye shule, visima, zahanati na barabara. Kabla ya uchaguzi wa 1974 ulipitishwa mpango wa haraka wa maendeleo vijijini, na wapiga kura wakaona majengo yakiinuka kabla ya kura. Wapinzani walisema hiyo ni kampeni kwa fedha za umma. Hawakukosea. Lakini visima vilikuwa na maji.

Kura na jimbo

Wala si kwamba kila mtu aliridhika. Sheria mpya ziliwapunguza machifu: baraza lao likawa la ushauri tu, na ugawaji wa ardhi ukapelekwa kwenye bodi za ardhi. Chifu wa Wangwaketse, Bathoen wa Pili, aliyekuwa kwenye kiti tangu 1928, alichukia sana. Mwaka 1969 alijiuzulu uchifu, akajiunga na chama cha Botswana National Front cha Dk. Kenneth Koma, na akagombea ubunge Kanye dhidi ya mtu wa kwao, Makamu wa Rais Masire. Masire alishindwa. Akarudi bungeni kwa nafasi za wabunge wasiochaguliwa majimboni.

Tazama mambo mawili katika kisa hicho. Kwanza, Makamu wa Rais alishindwa na matokeo yakatangazwa. Katika miaka ile Tanzania ilikuwa na chama kimoja kisheria tangu 1965, Malawi tangu 1966, Zambia ingefuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Seretse aliketi na marais hao na hakuwaiga. Pili, sheria ilikuwa na mlango wa nyuma wa kumrudisha aliyekataliwa, na chama tawala kiliutumia.

Mfumo wenyewe wa kura nao ulikibeba chama. Anayeongoza jimboni huchukua kiti hata kama wengi hawakumpigia, na anayeshika nafasi ya pili hapati kitu. Mwaka 1969 BDP ilipata asilimia 68 ya kura na viti 24 kati ya 31. Mwaka 1979, uchaguzi wa mwisho wa Seretse, asilimia 75 na viti 29 kati ya 32. Tofauti ilionekana zaidi baada yake: mwaka 2014 chama kilipata chini ya nusu ya kura, asilimia 46 na ushee, lakini kikachukua viti 37 kati ya 57, kwa sababu kura za upinzani ziligawanywa baina ya makundi mawili. Ule ugonjwa wa 1962 haukuwahi kupona sawasawa.

Redio ilikuwa ya serikali, na gazeti la kila siku lililogawiwa bure lilikuwa la serikali. Wafanyakazi hawakuwa na nguvu. Mwaka 1975 wachimbaji wa Selebi-Phikwe walipogoma na vurugu kuzuka, dola iliwajibu kwa mkono mzito. Mamia walikamatwa na wengi wakafukuzwa kazi. Wenye ng'ombe wengi walisikilizwa kuliko wasio nao, na Wasarwa, wakazi wa Kalahari wasio na ng'ombe wala uchifu, hawakusikilizwa kabisa. Seretse mwenyewe alikuwa mfugaji mkubwa, na wengi wa mawaziri wake pia.

Mpaka wa mita mia chache

Nchi ilizungukwa na makaburu, na Rhodesia ya walowezi, na Namibia iliyokaliwa. Tundu pekee la kupumulia lilikuwa Kazungula, mita mia chache za mto Zambezi kati ya Botswana na Zambia. Afrika Kusini ilidai mwaka 1970 kwamba hata mpaka huo haupo. Kivuko kikaendelea kufanya kazi, na barabara kutoka Nata hadi Kazungula ikajengwa kwa msaada wa Marekani. Leo pana daraja, lililofunguliwa 2021, na madereva wa malori ya Dar es Salaam na Lubumbashi wanalifahamu. Mwaka 1976 Botswana iliachana na randi ikatoa fedha yake, pula, neno lenye maana ya mvua.

Kwa wakimbizi wa Afrika Kusini, Rhodesia na Angola, Botswana ilikuwa mlango wa kwanza. Seretse aliwapokea, lakini hakuruhusu wapiganaji kuweka kambi za kijeshi, kwa kuwa hakuwa na jeshi la kuwalinda. Hadi 1977 nchi ilikuwa na polisi tu. Wanajeshi wa Rhodesia walivuka mpaka watakavyo, na Februari 1978 huko Lesoma waliwaua askari 15 wa jeshi hilo changa. Pamoja na hayo alishikamana na Nyerere, Kaunda, Machel na Neto katika Nchi za Mstari wa Mbele, na mazungumzo yaliyoanzia Arusha mwaka 1979 yalizaa umoja wa SADCC, uliozinduliwa Lusaka Aprili 1980 na ambao leo ni SADC.

Huko Lusaka alikuwa tayari mgonjwa. Alifariki Gaborone Julai 13, 1980, akiwa na miaka 59, kwa saratani ya kongosho. Maelfu walipanga foleni kumuaga, akazikwa Serowe juu ya kilima, katika makaburi ya ukoo wake. Masire alishika urais bila risasi wala kelele, akautunza hadi 1998. Ruth hakurudi Uingereza. Aliishi Botswana hadi kifo chake mwaka 2002 na akazikwa kando ya mumewe.

Mtoto wao Ian alikuwa Rais kuanzia 2008 hadi 2018. Mwaka 2019 aligombana na mrithi wake, Mokgweetsi Masisi, akakihama chama cha baba yake. Uchaguzi wa mwaka huo BDP ilishinda tena nchini, lakini majimbo yote matatu ya Serowe yalikwenda kwa chama kipya alichokiunga mkono Ian. Serowe, waliogoma miaka sita kumchagua chifu mwingine, walikuwa wamemfuata tena mtoto wa Khama.

Kufikia 2024 almasi haikuwa ikiuzika vizuri, vijana wengi hawakuwa na kazi, na hawakumkumbuka Seretse ila kwa picha kwenye noti. Oktoba 30 walipiga kura. BDP ilipata takriban kura tatu katika kila kumi, na kwa ule ule mfumo uliokibeba tangu 1965, kura hizo ziliipa viti 4 tu kati ya 61. Masisi alikubali kushindwa kabla hesabu haijakamilika, na Duma Boko akaapishwa Novemba 1.